Futeni Viwango Kwenye Orodha

Orodha hutoka usiku, watu wakishakula. Mweka hazina anaibandika kwenye grupu la darasa, juu yake picha ya bwana na bibi harusi watarajiwa wamevaa vitenge vya kufanana. Namba 1, laki mbili, tiki. Namba 2, laki moja, tiki. Namba 3, laki na nusu, ahadi. Inateremka hivyo hadi thelathini na ushee, halafu yanaanza majina yasiyo na chochote mbele yake ila vistari. Asubuhi inabandikwa tena, tiki zimeongezeka nne, vistari viko palepale. Kesho yake tena. Ikifika wiki ya tatu, grupu zima linawajua watu wa vistari.

Mimi ni mweka hazina wa grupu letu la kidato cha sita kwa mwaka wa nne sasa, kwa hiyo orodha nyingi za namna hiyo nimeziandika kwa mkono wangu. Nilijiambia ni uwazi. Pesa ya watu haichezewi, na aliyetoa ana haki ya kuona jina lake. Leo naandika kuwaomba wenzangu wanaoshika madaftari ya michango, na ninyi mnaochangishwa, tuache kuweka viwango hadharani. Nitaeleza kilichonibadilisha.

Mwaka jana, Jumanne moja mchana, watu kumi na saba wa darasa letu tulipokea ujumbe uleule kutoka namba ngeni. Ulikuwa na picha na jina kamili la mwenzetu. Ulisema ni tapeli, amekimbia deni la shilingi 80,000 pamoja na riba, na sisi ni wadhamini wake, tumwambie alipe kabla ya saa kumi. Nitamwita Jirani, maana tulikaa dawati moja miaka miwili. Alikuwa amekopa kwa programu ya simu, ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Unapoipakua inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako. Wewe una shida, unabonyeza kubali. Siku ukichelewa, inawaandikia watu wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, lakini mwenye shida saa tano usiku haanzi kutafuta orodha ya Benki Kuu.

Nilimpigia, hakupokea. Usiku akaniandikia: "Kaka nisamehe kwa usumbufu. Hiyo hela ndiyo niliyochangia harusi ya mwezi wa tatu."

Nikafungua daftari. Machi, namba 29, 80,000, tiki. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa furaha yangu ya kijinga: "Safi sana! Wamebaki saba tu."

Utajiri wa mtu wa mbali hautuumizi. Tukisoma kwamba Mohammed Dewji ni bilionea, tunageuza ukurasa tunaendelea na chai. Anayetuumiza ni yule tuliyepanga naye foleni ya maji bombani saa kumi na moja alfajiri, tukala naye maharage yenye wadudu, akatuomba tumwonyeshe jibu la swali la tatu. Huyo akinunua Harrier, moyo unakaa chini kupiga hesabu: tulianza wote, mimi nimekwama wapi? Na kwa sababu tulianza pamoja kweli, hakuna anayeweza kukupa udhuru.

Ila hesabu yenyewe ina mashimo. Kwanza inadhani barabara ilikuwa na nafasi ya kila mtu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja. Waliokosa siku ile hawakuwa wavivu wala wajinga, viti viliisha. Pili, tunalinganisha mfuko wetu tunaoujua hadi sarafu ya mwisho na picha ya mwenzetu. Chukua mtu wa Bara aliyeajiriwa kampuni binafsi kwa mshahara wa milioni moja, yule ambaye shangazi zake wanasema "amefika". NSSF inaondoka na 100,000. Kodi ya mapato 103,000. Kama bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000. Anabaki na 647,000, na hapo hajagusa kodi ya nyumba, ada, wala rejesho la mkopo wa benki uliomnunulia ile gari. Gari inapigwa picha. Rejesho nani alipige picha?

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu. Wapo walioachwa nyuma kweli, na si kwa macho tu. Umri wa miaka 37, chumba kimoja cha kupanga, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mtoto amefika darasa la tano. Mtu huyo hahitaji mhamasishaji wa kumweleza habari za tajiri fulani wa Marekani aliyeanza akiwa mzee. Wala kumwambia "Mungu ana makusudi yake" wakati kodi inaisha Ijumaa si kumfariji. Ni kumfukuza kwa adabu.

Najua ladha yake kidogo. Kuanzia mwaka 2012 nilikaa miezi kumi na minne bila kazi. Siku moja ndani ya daladala akapanda mwenzangu wa darasa, shati limenyooshwa, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Nilifumba macho nikajifanya nimelala hadi Kimara, na kituo changu kilikuwa Shekilango, nyuma kabisa. Nauli ya kurudi sikuwa nayo. Nilitembea juani nikijisifu kwamba hajaniona.

Baadaye, tumeshakuwa watu wazima, aliniambia aliniona. Alijifanya hajaniona ili asinitie aibu. Na wiki ileile, ofisini kwao walikuwa wanatafuta karani.

Hapo ndipo hasara ya kujificha ilipo. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi hazitujii kwa ndugu na marafiki wa chanda na pete. Hao wanajua tunachojua sisi. Zinatujia kwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali, tunaokutana nao mara moja moja. Darasa la zamani ndilo hilo hasa: watu sitini waliotawanyika kutoka Mtwara hadi Bukoba, mmoja bandarini, mmoja halmashauri, mmoja anauza mbao Mafinga. Anayelefti grupu kwa sababu ya aibu ya shilingi 80,000 anaacha pia masikio sitini yaliyokuwa yanaweza kusikia kwa niaba yake. Sisi tuliobaki tunasema "mwacheni, ana mambo yake", kisha tunaendelea na bajeti ya ukumbi.

Jirani alilefti Jumatano ile. Jumapili tukamfuata watu watatu, Mbagala Rangi Tatu, hatukumwambia tunakuja. Tulimkuta anaosha bajaji ya mtu. Anaiendesha kwa hesabu ya 20,000 kwa siku. Kinachozidi ndicho chake, na siku za mvua hakizidi. Ana shahada. Alituletea viti vya plastiki, akatuma mtoto soda, tukakataa soda, akasisitiza, tukanywa. Tulizungumza mpira hadi tukachoka nao. Ndipo akasema, bila hasira, huku anakamua kitambaa: "Tangu 2021 hakuna aliyenipigia kama hakuna harusi wala msiba. Nikiona jina la mtu wa darasa kwenye simu, nauliza kwanza ni shilingi ngapi."

Mimi ndiye niliyekuwa nampigia mara nyingi kuliko wote.

Basi ombi langu. Wewe unayeshika daftari, andika majina peke yake, au usiandike kabisa. Jumla kuu tangaza, matumizi tangaza hadi bei ya maji ya kunywa, na kila aliyetoa mtumie ujumbe wake wa faragha kwamba imefika. Chagueni watu wawili wa kukagua daftari zima. Uwazi unatosha hapo. Na kiwango cha chini kiondoke. Mtu mwenye 5,000 atoe 5,000, akija harusini ale pilau kama wengine.

Wewe ambaye mambo yamekaa sawa, sikuombi uache kuweka picha za gari. Furaha yako ni yako. Ila chagua majina mawili ya vistari, uwapigie mwezi huu bila habari ya mchango. Usitoe nasaha. Uliza mtoto anaendeleaje, uliza Simba au Yanga. Na ukisikia nafasi, hata ya kibarua cha miezi mitatu, usiitupie kwenye lile grupu dogo la wenye nazo. (Tunajua lipo. Kila darasa linalo.) Mtumie anayeihitaji, umwambie na jina la mtu wa kumuulizia pale. Siku akikuuliza ulianzaje maisha, mweleze na yale makato, na yule mjomba aliyekupeleka kwa mkurugenzi.

Shangazi na wajomba mnaokaa meza ya mbele, lile swali la "umejenga?" lipumzike kidogo. Aliyejenga atawaambia kabla hamjauliza.

Na wewe unayejiona umebaki nyuma, usikope kuchangia harusi. Hakuna bibi harusi duniani anayejua keki yake ililipwa na nani. Andika hivi, maneno manne: "Mwezi huu sina, samahani." Ukimaliza usilefti. Kama orodha inakuumiza, nyamazisha sauti ya grupu, rudi wiki ijayo. Mwambie mtu mmoja tu, uliyemwamini tangu shuleni, hali yako ilivyo: unafanya nini, unaweza nini, unatafuta nini. Uwe mahususi. "Nisaidie kazi" haimpi mtu pa kuanzia, lakini "nina leseni daraja E, naweza kuendesha lori, niko tayari kuhama Dar" inampa. Na kama usiku hulali, hamu ya kula imekwisha, unawaza heri usingekuwepo, usisubiri grupu. Mwambie aliye karibu nawe leo, muende hospitali pamoja.

Nilipoleta pendekezo la kufuta viwango, mmoja wetu alisema makusanyo yataanguka. Alisema kweli. Harusi iliyofuata tulipata milioni 3.4, ile ya kabla yake ilikuwa 4.1. Kamati ikakata keki kutoka ngazi tano hadi mbili, na mshereheshaji akapatikana kwa bei ya kijana anayejifunza, akakosea jina la baba mkwe mara mbili. Watu walicheka hadi machozi. Ndoa ipo.

Jumamosi hii tuna sendofu Kibaha. Orodha imetoka jana usiku, majina 41, hakuna tarakimu. Jirani alirudi grupuni mwezi wa sita. Jina lake ni la tisa, na kiasi chake tunakijua yeye na mimi na wakaguzi wawili. Leo asubuhi amenipigia. Nikaangalia simu, nikajiuliza kuna nini. Alitaka kujua kama yule mwenzetu anayeuza mbao Mafinga bado anatafuta dereva.