Rwanda: Makontena ya chanjo ya Kigali na gharama ya hewa safi

Makontena yaliyowasili Kigali kutoka Ulaya mwezi Machi 2023 yalipokelewa kwa shangwe, na sababu ilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na vyumba vya kutengenezea chanjo za teknolojia ya mRNA, vilivyokwisha kuundwa na kusubiri kuunganishwa tu. Tarehe 18 Desemba mwaka huo kampuni ya Ujerumani ya BioNTech ilizindua kiwanda hicho mbele ya Rais Paul Kagame na Rais wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen. Afrika huzalisha takriban asilimia 1 tu ya chanjo inazotumia, na Umoja wa Afrika unataka kufikia asilimia 60 ifikapo mwaka 2040. Mbele ya pengo kubwa kiasi hicho, suala la mazingira husahaulika kwa urahisi.

Chumba safi cha kiwandani hakifanani na chumba kilichopigwa deki. Katika daraja la tano la vipimo vya kimataifa, mita moja ya ujazo ya hewa hairuhusiwi kuwa na chembe zaidi ya 3,520 zenye ukubwa wa nusu ya maikroni au zaidi. Ili kufikia hapo, hewa husukumwa kupitia vichujio vizito na kubadilishwa makumi hadi mamia ya mara kila saa, usiku na mchana, huku shinikizo la ndani likizidi la nje ili mlango unapofunguliwa vumbi lisiingie. Ndiyo maana katika viwanda vya aina hii mashine za kupitisha, kupoza na kukausha hewa, mara nyingi, hula zaidi ya nusu ya umeme wote.

Watetezi wa vyumba vya kuunganishwa husema kwamba vinapunguza taka za ujenzi, kwamba vinaweza kufunguliwa na kuhamishwa, na kwamba udogo wake hupunguza hewa ya kusafishwa. Hoja ya mwisho ndiyo yenye uzito. Paneli za chuma zilizogandishwa na sponji ya kuzuia joto ni vigumu kuzitenganisha zinapochakaa, na safari ya meli na malori nayo ina moshi wake. Lakini vyote hivyo ni vidogo vikilinganishwa na umeme wa miaka mingi wa kuzungusha feni.

Na hapo ndipo penye nafasi kubwa ya kuokoa. Nguvu inayohitajiwa na feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: ukipunguza mtiririko wa hewa kwa moja ya tano, matumizi ya umeme hushuka karibu kwa nusu. Chembe nyingi hutoka mwilini na kwenye nguo za wafanyakazi, kwa hiyo chumba kisicho na watu usiku hakihitaji upepo wa mchana. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019, ISO 14644-16, unaeleza namna ya kufanya hivyo bila kuhatarisha dawa. Kikwazo ni woga: kila badiliko lazima lithibitishwe upya mbele ya wakaguzi, na wenye viwanda wengi huona ni salama zaidi kuacha feni zikivuma. Kigali angalau ina bahati ya kuwa zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Chumba kilekile kikiwekwa Mombasa kingehitaji umeme zaidi wa kupoza na kukausha hewa.

Umeme wenyewe una historia yake. Rwanda hutegemea maji, gesi ya methani ya Ziwa Kivu, jua, dizeli, na pia mboji ya mabwawani, ambayo ikichomwa hutoa kaboni nyingi. Megawati 80 za Rusumo, kwenye mto Akagera, hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania.

Ipo pia kinaya ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini viwanda vya chanjo za kisasa kwa kawaida huchanganya vimiminika katika mifuko tasa ya plastiki inayotumika mara moja, kisha huchomwa. Mifuko hiyo huokoa maji na mvuke wa kuoshea matangi, hivyo si hasara tupu. Kinachowahusu majirani ni ubora wa tanuri, kwani moshi haujui mpaka, na maji ya Kigali huteremka Nyabarongo, yakaingia Akagera hadi Ziwa Victoria.

Kiwanda kilibuniwa kuweza kutoa hadi dozi milioni 50 kwa mwaka, kutegemea aina ya chanjo. Feni, hata hivyo, hazihesabu dozi. Chumba kisicho na oda hutumia karibu umeme uleule wa chumba kinachofanya kazi, na gharama ya mazingira kwa kila chupa hupanda kadiri chupa zinavyopungua. Mfuko wa kuwapa motisha watengenezaji wa chanjo Afrika, wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka kumi, ulizinduliwa Paris mwezi Juni 2024. Oda zenyewe zitategemea wizara za afya za Bujumbura, Kampala, Dodoma na Nairobi.