Saratani ya matiti: Kompyuta yasoma picha, mgonjwa bado yuko njiani

Watafiti duniani wamo mbioni kuifunza kompyuta kusoma picha za MRI za matiti. Programu hukitenga kivimbe na nyama iliyo salama, hupima umbo lake, hutazama kinavyofyonza dawa iliyodungwa mshipani, kisha hukadiria kama ni saratani au uvimbe usio na madhara.

Faida ipo. MRI huwafaa hasa wanawake wenye umri mdogo, ambao mara nyingi uvimbe wao hujificha kwenye mamografia. Nchini Uswidi, utafiti wa wanawake zaidi ya 80,000 uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa akili unde ilipunguza kazi ya kusoma picha za mamografia kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua.

Lakini mama wa huku kwetu hukwama wapi? Mara nyingi ni kabla ya picha, na baada yake.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka shabaha: tangu mgonjwa afike kituoni hadi ugonjwa ujulikane, zisipite siku 60. Zihesabu siku hizo kwa mama wa Ganze au Magarini. Aanze zahanati, aje Kilifi au Malindi, kisha pengine atumwe Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka Malindi. Kila safari ni nauli na kibarua kilichopotea.

Tena kompyuta hata ikisema ni saratani, tiba haianzi kwa neno hilo. Sharti kinyama kitolewe kwa sindano, kipimwe maabara, ndipo ijulikane ni saratani ya aina gani na dawa ipi itafaa.

Bajeti ya kaunti ianzie hapo: muuguzi anayejua kupapasa titi, ultrasaundi, sindano ya kutolea kinyama, na majibu yanayorudi upesi. Programu zikija, zijaribiwe kwanza kwa picha za wanawake wetu, kwa idhini yao, maana iliyofunzwa kwa picha za Ulaya pekee yaweza kukosea hapa.

Wawakilishi wadi wakiletewa mashine mpya waipitishe, waulize: itapunguza siku ngapi katika zile 60? Nawe dada, ukihisi kivimbe, usingoje mashine. Nenda kituoni wiki hii.