Pointi Hazichezi Chesi

Jamani, kuna watu wazima hapa Kakamega wanaokwepa kucheza na watoto wa shule wakiogopa kupoteza pointi za Elo. Eti pointi ndizo zinazowapa hamu!

Tarehe 1 Machi 2024, FIDE, shirikisho la chesi duniani, ilirekebisha hesabu. Kila mwenye pointi chini ya 2000 aliongezewa asilimia 40 ya pengo lake kufikia 2000. Wa 1500 akaamka na 1700. Je, alijifunza mbinu gani usiku ule? Hakuna. Ni fomula ya mstari mmoja tu.

Arpad Elo alibuni namba hizi zikadirie nani atamshinda nani, basi. Kipimajoto hakiponyi malaria. Cheza na huyo mtoto. Akikufunga, kaeni mrudie mchezo hatua kwa hatua. Utamu uko hapo.