Mpira Unadunda
Wiki hii, karibu kila niliyeongea naye hapa Columbus, Ohio, alikuwa na utabiri wake wa mechi za Jumamosi za futiboli ya vyuo vikuu, na kila mmoja aliutoa kwa uhakika mtupu. Nami napenda kubashiri. Ni nusu ya raha ya wikiendi. Lakini wahenga wa viwanjani walishasema mpira unadunda, na huu wa Wamarekani, wenye umbo la yai, hudunda upendako. Mwaka 2007 Appalachian State, timu ya daraja la chini, iliifunga Michigan 34-32 palepale nyumbani kwake Ann Arbor. Oktoba 2024 Vanderbilt iliilaza Alabama, namba moja nchini, 40-35. Orodha za ubora wa timu hupima yaliyopita. Hazijui goti la nani linauma wala nani ana mtihani Jumatatu. Wengi wanaocheza ni vijana wa miaka 18 hadi 22, na ujana huo ndio unaozifanya mechi hizi zisitabirike na zipendeze. Basi tabiri, bisha, shangilia. Ila anayemtukana mwanafunzi kwa sababu mkeka wake wa kubashiri umechanika amevuka mpaka, na sisi mashabiki wenziwe tuna wajibu wa kumwambia hivyo usoni.