Kabla mtoto hajaingia baharini, maji yamepimwa?

Wikiendi na sikukuu, wazazi wengi wa Dar es Salaam huwapeleka watoto Coco Beach. Tunawabebea maji safi ya kunywa, tunakagua chakula wanachonunuliwa, kisha tunawaachia bahari ambayo wengi wetu hatujui ina nini siku hiyo.

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na Selander. Njiani hubeba majitaka, uchafu wa vyoo vilivyofurika na mbolea ya bustani za mboga. Mzigo huo huleta madhara ya aina mbili. Kwanza ni vijidudu vya kinyesi: mtoto akimeza maji anaweza kuharisha, au akaumwa masikio na macho. Pili ni nitrojeni na fosforasi, ambazo ni chakula cha mwani. Mwani ukistawi kupita kiasi kisha ukaoza, oksijeni ndani ya maji hupungua na samaki hufa. Baadhi ya aina hutoa sumu inayojikusanya katika chaza na kome tunaokula.

Rai yangu ni kwamba wazazi, walimu na wavuvi waanze kupima maji haya kwa kujitolea. Huko Cornwall, Uingereza, waliounda kikundi cha Surfers Against Sewage mwaka 1990 hawakuwa wataalamu wa maabara. Walikuwa wachezaji wa mawimbi waliochoka kuugua kila walipoingia baharini.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Sampuli huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 6. Majibu ya bakteria hupatikana baada ya siku moja hivi. Kilicho muhimu ni kurudia: mahali pale pale, kila wiki, masika na kiangazi.

Wapo watakaosema raia wa kawaida atakosea. Ni kweli, sampuli iliyochukuliwa ovyo hupotosha, ndiyo maana mafunzo ya maabara ni lazima. Lakini mzazi naye si daktari, na bado kipimajoto chake cha nyumbani humwambia saa ya kukimbilia hospitali.

Maofisa afya nao wana wajibu. Matokeo yakifungiwa kwenye faili hayamkingi mtoto yeyote. Yabandikwe ufukweni kwa Kiswahili rahisi: leo ogeleeni, leo hapana.

Kwa sasa, mvua kubwa ikinyesha, subiri siku 2 hadi 3 kabla ya kumruhusu mtoto kuogelea. Mweke mbali na midomo ya mito na mifereji, na mwogeshe kwa maji safi akitoka. Akianza kuharisha, mpe ORS mapema. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani au amelegea, mpeleke kituo cha afya mara moja, na umweleze mhudumu kwamba aliogelea baharini.