Gari halina mwelekeo wa kupoteza

Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2023 mimi huenda kazini kwa baiskeli. Naishi Ruiru na nafundisha katikati ya jiji la Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 22 kwenda na mwingine kama huo kurudi. Nilianza kwa sababu isiyo na fahari yoyote. Mwezi wa Julai mwaka huo ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita moja ya petroli jijini ilikuwa imepita shilingi 200. Mshahara wa mhadhiri, kama walimu wenzangu wajuavyo, haupandi kwa kasi hiyo. Sikuanza kwa kuyapenda mazingira wala kwa kushauriwa na tabibu. Hayo ya afya niliyazua baadaye, wenzangu walipoanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama gari langu limechukuliwa na benki.

Hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wiki za kwanza nilitumia karibu saa mbili kufika. Siku hizi saa moja na dakika kumi zanitosha, na ni nadra matatu ya saa hizo za msongamano kunishinda. Nairobi iko juu kuliko Ruiru, kwa hiyo asubuhi ni kupanda na jioni ni kuteremka. Aliyeuumba mwinamo huo hakumfikiria mtu anayetakiwa kusimama mbele ya wanafunzi saa mbili kamili bila jasho. Shati la pili hukaa ofisini, na taulo pia.

Barabara yenyewe ni ile kuu ya Thika, iliyoanza kupanuliwa mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012. Ni barabara ya kujivunia kwa mwenye gari. Mwenye baiskeli naye hakusahauliwa kabisa: kandokando zimo njia zake, na mahali pengine ni njia nzuri kweli. Shida ni kwamba njia hiyo ina tabia ya mgeni asiyeaga. Unaendesha kwa raha zako, mara njia imetoweka, na mbele yako ni mtaro. Mtaro mmoja wa namna hiyo ndio ulionipokea wiki yangu ya pili, na hapo sikusukumwa na mtu. Ni mimi na giza langu na taa niliyokuwa nimeichelewesha kununua. Kule Githurai njia ya baiskeli ni soko, kituo cha matatu na maegesho ya pikipiki kwa wakati mmoja. Siwalaumu wauza nyanya. Huuza pale wanunuzi wanapopita, na hakuna aliyewapa mahali pengine panapopitika hivyo. Namlaumu yule anayeandika sera na kuiweka kabatini. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera yake ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015.

Lakini nisidanganye kwamba ugumu wa safari hii ni wa miguu tu. Nilipokuwa mtoto katika Kaunti ya Busia, iliyokuwa wilaya siku hizo, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama jembe la ng'ombe, yenye karia nyuma na kengele iliyosikika kutoka mtoni. Ilipolia tulisimama kando ya njia na kumwamkia. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuifuta vumbi alionewa wivu juma zima. Ile ilikuwa heshima ya mwalimu, na hakuna aliyedhani kwamba mwalimu anaendesha baiskeli kwa kukosa. Leo, nikifika kwenye lango la jengo fulani nisilolitaja, askari wa zamu humpigia saluti mwenye gari bila kumtazama usoni, kisha hunigeukia mimi: "Mzee, kitambulisho. Na hiyo kitu ipeleke kule nyuma." Hiyo kitu! Hata ngeli sahihi imeikosa.

Kwa mtu wa isimu, hili la jina lina historia yake. Neno bodaboda lilizaliwa kwetu, mpakani mwa Kenya na Uganda, na mama yake ni baiskeli. Waliobeba abiria na mizigo yao, ya halali na ya magendo, kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine waliwaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Pikipiki zilipojaa nchini mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, zilitwaa kazi hiyo na jina pia. Mwanafunzi wa leo ukimwambia bodaboda, haoni kanyagio wala mnyororo, anaona moshi. Baiskeli imenyang'anywa hata jina ililolibuni.

Haya yote ningeyavumilia kimyakimya kama si jambo lililotukia mwezi wa Machi mwaka 2024. Darasani nilikuwa na mazoea ya kujigamba. Nikitaka mfano wa sentensi, mfano ulikuwa wa baiskeli. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, kijana mtulivu anayekaa nje ya chuo ili kupunguza gharama, alinijia siku moja kuniuliza mahali pa kununua baiskeli ya mtumba isiyo na kasoro. Nilimpeleka mwenyewe kwa fundi. Nilimchagulia hata rangi. Majuma sita baadaye, akiwa katika njia ya pembeni ninayoipita mimi kila siku, matatu iliyokuwa ikikwepa msongamano iliingia njia hiyo ikamgonga kwa nyuma. Alivunjika paja. Alipoteza muhula mzima na hadi leo anachechemea. Matatu haikusimama.

Alipoweza kukaa kitandani alinionyesha nakala ya maelezo yaliyoandikwa katika kituo kimoja cha polisi. Sentensi iliyomkera ilikuwa fupi: baiskeli iligongana na gari. Aliniuliza, "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba kugongana ni kauli ya kutendana? Mimi nilimgonga nani?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nilianza kuzikata habari za barabarani kutoka magazeti yetu ya Kiswahili na kuzibandika kwenye daftari, kazi niliyoifanya miezi mitatu. Msomaji hahitaji daftari langu. Na alichukue gazeti lolote atazame. Gari lilipoteza mwelekeo na kumgonga mwendesha baiskeli. Breki za lori zilikatika. Basi lilitoka barabarani. Mwendesha baiskeli alipata ajali. Katika sentensi ya kwanza gari ndilo kiima, kana kwamba lina akili iliyokuwa na mwelekeo ikaupoteza. Katika ya pili tuna kauli ya kutendeka, ambayo kazi yake kubwa ni kumfuta mtenda: breki zimekatika zenyewe, hakuna aliyekosa kuzikagua, wala mwenye lori aliyekataa kugharimia mpya. Ya mwisho ndiyo inayonitia simanzi zaidi. Aliyelala mtaroni ndiye kiima, na kitenzi alichopewa ni kile kile cha mtu aliyepata kazi au aliyepata mtoto. Amepata.

Neno lenyewe, ajali, tumelitoa katika Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, hasa siku ya mtu ya kufa iliyokwisha kupangwa. Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote kuhusu siku yake. Ugomvi wangu ni kwamba tukiisha kuliita tukio ajali, uchunguzi umekwisha kabla ya kuanza. Nani atamhoji aliyepanga?

Sheria yetu haisemi hivyo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinachohusu kusababisha kifo kwa uendeshaji, kinaanza na mtu: mtu yeyote ambaye, kwa kuendesha gari ovyo au kwa kasi ya hatari, anasababisha kifo cha mwingine. Wanasheria, ambao sisi watu wa lugha hupenda kuwacheka kwa sentensi zao ndefu, hapa wametushinda. Walijua kwamba kosa halina miguu bila mtenda.

Rafiki yangu mmoja mwandishi wa habari alinijibu kwamba gazeti haliwezi kumhukumu dereva kabla ya mahakama. Hoja yake ni nzito, na nilikaa nayo siku kadhaa. Lakini kusema dereva wa matatu alimgonga mwendesha baiskeli si kumhukumu mtu. Ni kueleza kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa binadamu. Kama alilazimika, kama aliugua ghafla, kama baiskeli ndiyo iliyomkatiza njia, hayo ni ya mahakama kuyapima. Mbona mwizi hatuandiki kwamba mfuko wa mlalamishi ulipoteza pesa? Twaandika kwamba mtu anashtakiwa kwa kuiba, na hakuna hakimu aliyelalamika.

Wala sitaki kauli hii itumike upande mmoja. Wapo wenzangu waendeshao usiku bila taa, wapo waipitao barabara kinyume, na kuna jioni moja ya mvua nilipoikata barabara ya pembeni pasiporuhusiwa kwa kuwa nilichoka kulitafuta daraja. Dereva wa pikipiki aliyenikwepa alinipa maneno ambayo gazeti hili halitayachapa, na alikuwa na haki. Kama angeanguka, sentensi ya kweli ingekuwa: mwendesha baiskeli aliingia barabarani mahali pasipo kivuko, na mwendesha pikipiki akaanguka akimkwepa. Ningekuwa kiima cha sentensi hiyo, na ningestahili.

Kwa walimu wa Kiswahili wa shule za upili nina ombi dogo. Tunapofundisha kauli za vitenzi, tumezoea mifano ya kupika na kupikwa, kupiga na kupigana, kuvunja na kuvunjika. Wanafunzi huijaza mapengo hayo wakiwa nusu usingizini. Chukueni ukurasa wa habari za mikoani. Waambieni wamtafute mtenda katika kila sentensi na, wakimkosa, waulize alikwenda wapi. Nilifanya hivyo na darasa langu la mwaka wa kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi ya kufundisha sarufi, saa ya kutoka ilipofika hakuna aliyetoka. Binti mmoja kutoka Kilifi alisoma sentensi kuhusu mjomba wake, kisha akaketi bila kuifanyia uchambuzi. Hatukumlazimisha.

Kijana wangu amerudi chuoni. Baiskeli yake ilinyooshwa fremu na fundi yule yule, ila hajaipanda tena, na mimi sitamshawishi mara ya pili. Amenipa mfuko wa vifaa vyake, kifaa cha kuzibia pancha na pampu, akisema vitanifaa zaidi mimi. Sasa nimeweka taa mbili nyuma. Kila alfajiri nikifika mahali pale alipogongwa, hugeuka kutazama nyuma, jambo ambalo fundi hunionya kwamba litanitia mtaroni tena.

Jaribio la darasa langu ni Alhamisi ijayo. Swali la kwanza, lenye alama 10, linasema: "Baiskeli iligongana na gari." Iandike upya sentensi hii kwa njia tatu, ukimtaja mtenda katika kila moja, kisha ueleze ni taarifa gani ungehitaji kuitafuta kabla ya kuchagua iliyo ya kweli. Muda ni dakika 30.