Simu za Linux: mfumo uko wazi, chipu bado zimefungwa

Kununua simu inayotumia Linux hakumpi mtu mamlaka juu ya kila kipande chake. PinePhone ya kampuni ya Pine64, iliyouzwa kwa karibu dola 150, inaonyesha hilo wazi.

Yeyote anaweza kusoma na kubadilisha mfumo wake. Lakini modemu yake, Quectel EG25-G, ina programu yake ya ndani, na sehemu inayowasiliana na minara ya mtandao imefungwa. Kasoro ya usalama ikitokea humo, mwenye simu hana budi kumngoja aliyeitengeneza.

Kwa upande wa picha, hali ilibadilika kwa jasho. Arm haikutoa draiva huru, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia chipu, kwa ajili ya Mali-400. Watengenezaji wengine waliichunguza chipu hiyo, wakaandika draiva iitwayo Lima, iliyoingia katika Linux 5.2 mwaka wa 2019.

Shida hii inagusa pia Android, kwani nayo imejengwa juu ya Linux. Mtengenezaji wa chipu akiacha kuhudumia draiva zake, simu hubaki nyuma hata kama kioo na betri ni vizima. Mradi wa postmarketOS, ulioanza mwaka wa 2017, unajaribu kurefusha maisha ya simu hizo, ila hukwama pale draiva zinapokosekana.

Kwa hiyo anayenunua simu iliyokwisha kutumika, Bukavu au Goma, anafaa kuangalia kwenye mipangilio tarehe ya sasisho la mwisho la usalama kabla ya kutoa pesa.